Gari la mkononi kwa dereva wa miaka 18: IST, Passo au Altezza?

Mzazi_Tegeta

Wakuu, habari za jioni. Binti kamaliza kidato cha sita, leseni daraja D anayo, na chuo alichopata kitamlazimu kupita Mwenge kila asubuhi. Bajeti milioni 15, humo humo nitoe bima na matengenezo ya kuanzia. Mezani kuna tatu: IST ya 2004 cc 1290, Passo ya 2008 cc 990, na Altezza ya 2001, ambayo ndiyo roho yake imeipenda. Mama yake anataka gari la juu, RAV4 ya zamani. Naomba ushauri wa usalama kwanza, mafuta baadaye. Na nikienda kukagua niangalie wapi?

Spana10

Mkuu, Altezza ifute kabisa. Inasukuma kwa matairi ya nyuma. Yenye injini ya 3S-GE ina farasi 210, na hata ile ya 1G-FE ina 160. Barabara ya Bagamoyo ikinyeshewa, mchanga umekusanyika kwenye kona, dereva mgeni akikanyaga mafuta kidogo tu mkia unachomoka. Isitoshe, nyingi zilizobaki sokoni zimeshakatwa springi na kuvalishwa rimu kubwa, kwa hiyo hununui gari kama lilivyotoka kiwandani.

RAV4 ya zamani namuelewa shemeji, kukaa juu kunampa mtu imani. Shida ni pale bodaboda anapochomoka ghafla na binti akakata usukani kwa nguvu: gari la juu lisilo na VSC, ule mfumo wa kulizuia lisiteleze na kupoteza mwelekeo, hupinduka upesi kuliko la chini.

Passo ni nyepesi mno kwa njia yenye Fuso na mabasi ya mikoani. Yakigongana magari mawili, aliye kwenye jepesi ndiye anayeumia zaidi. Hilo halina ubishi.

IST inakubalika, ila mimi ningetafuta Premio au Allion ya NZT240, zile za 2001 hadi 2007, cc 1500. Injini ni 1NZ-FE, ile ile ya IST ya cc 1500, kwa hiyo spea zimejaa Kariakoo na kila fundi anaijua. Inatumia cheni, siyo mkanda wa taimingi. Uzito unaizidi IST kwa kilo mia na ushee, nguvu za kufanyia fujo haina, na kwa vijana ni gari la wazee, jambo ambalo kwako ni faida. Soma bati la modeli kwenye chumba cha injini: ukiona AZT240 achana nayo, hiyo ni cc 2000 ya D-4, yaani inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Masizi hujaa njia ya hewa, gari linatetemeka likiwa limesimama injini inawaka, na usafishaji wake si wa kila gereji.

Halafu usidanganyike na "namba D" au "namba E". Herufi inakuonyesha gari limesajiliwa lini nchini, siyo limetengenezwa lini.

FundiBodi

Nakubaliana na Spana10, ila modeli ni nusu ya habari. Premio iliyogongwa mbele ikaungwa ni hatari kuliko Passo nzima.

Anzia kwenye taa ya SRS, yaani mfumo wa mifuko ya hewa. Washa swichi bila kupiga stata: taa nyekundu ya mtu na mfuko wa hewa iwake sekunde kama 6, kisha izime yenyewe. Isipozima, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa ni mbaya zaidi, maana hapo kuna mtu kaigusa. Ya ABS (breki zinazozuia matairi yasijifunge) nayo iwake na kuzima vivyo hivyo. Taa yenye alama ya gari linaloteleza ikiwaka na kuzima, gari lina VSC, na kwa dereva mgeni hiyo ilipie hata nyongeza ya laki kadhaa.

Mikanda: vuta wa dereva wote hadi mwisho. Ukiona uzi umefanya mawimbi, au pale unapopita kwenye pete ya juu pana alama kama plastiki iliyoyeyuka, mkanda huo umeshabeba mtu kwenye ajali. Ukiachia usiporudi, au ukiwa umekwama, mara nyingi kile kifaa cha kuukaza kimeshalipuka. Kwenye mzizi wa mkanda pana lebo yenye tarehe. Ikiwa mpya sana kuliko gari, uliza kwa nini.

Bodi: fungua boneti uangalie boliti za mafenda. Rangi ya kiwandani ikichanika kwenye kona za boliti, fenda imewahi kufunguliwa. Kwenye buti toa zulia na tairi la spea. Alama za kulehemu za kiwandani ni vidoti vilivyopangana sawasawa; ukikuta mstari wa welding uliopakwa rangi nyeusi nzito, nyuma imekatwa na kuungwa. Gonga milango kwa kidole pia, penye puti sauti ni butu.

Ukipewa karatasi ya mnada wa Japani, daraja R au RA maana yake gari liligongwa na kutengenezwa. XX kwenye mchoro ni kipande kilichobadilishwa.

Mama_Wawili

Kaka zangu mmesahau matairi. Magari mengi hushuka bandarini na matairi ya baridi ya Japani, yameandikwa STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini kwa ajili ya theluji. Kwenye lami yetu ya jua kali unalika haraka na breki ya ghafla inakuwa ndefu. Kashata, yaani meno ya tairi, zinaonekana nzima, ndiyo maana watu wanayaacha. Toa yote manne.

Umri wa tairi soma tarakimu 4 za mwisho baada ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likizidi miaka 6 usimpe mtoto hata kama halijalika. Upepo fuata stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva; ikiandika 220 kPa, hiyo ni psi 32.

Na tinti itolewe. Usiku wa mvua haoni kitu pembeni.

Swali kwa FundiBodi: vipi ile mifuko ya hewa yenye kasoro ya kampuni ya Takata?

FundiBodi

Asante dada kwa kukumbusha. Kilipuzi chake kinatumia ammonium nitreti, nayo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, yaani hali ya hewa ya pwani yetu. Mfuko unapofyatuka, kopo linapasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Toyota, Honda na wengine waliyaita magari mengi yarudishwe kurekebishwa: Vitz, Corolla, RAV4, Fit. Chukua namba ya chasisi, iingize kwenye ukurasa wa Toyota Japani wa magari yaliyoitwa kurekebishwa. Likiwemo na halijabadilishwa, tafuta jingine.

Mzazi_Tegeta

Nawashukuru sana. Nimepata Premio NZT240 ya 2005, milioni 12.8. Nimewasha swichi, taa ya SRS haiwaki kabisa. Muuzaji anasema balbu imeungua, atabadilisha kesho. Nikubali?

FundiBodi

Usimlipe hata ya kushikia, kwa sababu kesho utakuta taa inawaka na kuzima vizuri na bado hakuna mfuko. Mafundi wa ujanja wanafunga rizista ya ohmu 2 mahali pa mfuko, kompyuta inaamini mfuko upo. Wengine wanaiunganisha taa ya SRS na taa ya oili ili ziwake pamoja. Mashine ndogo ya bluetooth ya kupimia gari inasoma injini tu, kwa hiyo tafuta fundi umeme mwenye mashine inayoingia SRS. Ujanja wa rizista hata hiyo haiuoni. Lazima afungue kifuniko cha honi kwenye usukani na kuuona mfuko kwa macho. Atoe kwanza terminali hasi ya betri, asubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa waya wowote wa njano. Upande wa abiria aangalie kama dashibodi imepigwa gundi au ina mawimbi pale penye maandishi ya SRS. Muuzaji akikataa kufunguliwa, jibu umeshapata.