Mrejesho: Mshipi wa chini na kaa likizoni

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama mtu asiyewahi kushika ndoana anaweza kuvua samaki wa chini na kaa ndani ya likizo ya siku nne. Anaweza, ila siku ya kwanza nilivua mwamba tu.

Kosa lilikuwa chubwi, yaani kile kizito cha kuzamisha mshipi (uzi wa kuvulia). Nililiacha lilale chini, mkondo ukaliburuta hadi likanasa, nikapoteza ndoana tatu. Siku ya pili nikafuata ushauri wenu: likigusa chini, vuta mshipi juu kama urefu wa mkono mmoja, kisha tulia. Tukasubiri maji yasimame kati ya kujaa na kupwa. Nikasikia tk, tk kwenye kidole. Nikavuta haraka, chambo kimeliwa! Mara ya tatu nikangoja mpaka mshipi uwe mzito, akaja chewa, macho yamemtoka na tumbo limevimba kwa kupandishwa ghafla kutoka kina kirefu.

Kaa walikuwa rahisi zaidi. Dema (mtego wa kusuka), kichwa cha samaki kilichofungwa vizuri kwa waya, maji yanayojaa, basi. Tulipata sita. Wawili walikuwa majike wenye mayai chini ya tumbo, tukawarudisha. Aliyesema kaa ashikwe kwa nyuma ya gamba, ahsante. Shemeji hakusoma ujumbe wako, na kidole chake bado kina alama ya gando.

Dawa ya kichefuchefu niliimeza tukiwa tayari baharini. Nilikuwa nimechelewa.