Mama ana mtoto wa jicho: Bombo, KCMC au CCBRT?

Mwanachumbageni
Assalaam aleikum wana Tanga na wengineo. Bi mkubwa wangu kapimwa, kaambiwa ana mtoto wa jicho na dawa yake ni upasuaji tu. Ndugu tumegawanyika. Kaka anasema amalizie hapa hapa Tanga, hospitali ya Bombo, dada yuko Dar anamtaka hospitali ya CCBRT ya huko, mimi nimesikia kwa macho hospitali ya KCMC Moshi ndio baba lao. Kuna na kliniki binafsi wametutajia bei, si mbaya. Waliopitia naombeni mwongozo, wiki ijayo tunatakiwa tuwe tumeamua.

Kisosora_Boy
Mleta mada umeandika nusu habari. Jicho moja au yote mawili? Umri? Ana bima au mnachanga? Ana sukari, ana presha? Na aliyempima nani, daktari wa macho au muuza miwani? Tukushauri nini hapo?

Bint Pangani
KCMC. Funga mjadala. Mama mkwe alikwenda anashikwa mkono, siku hizi anachagua mchele mwenyewe na kunionyesha chuya nilizoacha mimi.

Mzee wa Kange
KCMC hakuna anayeipinga. Ila hesabuni na safari. Mgonjwa haoni vizuri, umpandishe basi stendi ya Kange alfajiri, Segera, Korogwe, Mombo, Same mpaka Moshi, hizo ni kama kilomita 350. Akishapasuliwa kuna kufunguliwa bandeji, kuna kliniki za kurudi. Nani ataacha kazi amsindikize kila mara? Dar nako mbali vile vile, kasoro angalau kwa dada pa kulala papo.

Ngamiani Original
Kwani limeshaiva? Kama halijaiva mrudisheni nyumbani kwanza, halikatwi bichi. Na kuna asali ya nyuki wadogo, tone moja asubuhi moja jioni, wazee wetu ndio dawa yao hiyo.

Sista Mstaafu
Ngamiani Original, mwanangu, asali ile kwenye chai. Usimtie mtu jichoni.

Habari ya kungoja liive ni ya zamani. Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani ya jicho imeingia ukungu. Wanaitoa, wanaweka ya bandia. Unapigwa ganzi ya jicho, hulazwi usingizi, na mara nyingi hata saa haiishi umeshatoka. Siku hizi linatolewa pale linapomzuia mtu shughuli zake. Ukilingoja sana lenzi inakuwa ngumu, kazi inakuwa kubwa, na presha ya jicho inaweza kupanda.

Mleta mada, usichague kwa jina wala kwa vigae vya mapokezi. Popote mtakapokwenda ulizeni: wanapima nguvu ya lenzi kabla ya kukata, au kila mtu anapewa ya aina moja? Kesho yake asubuhi nani anamwona, ni yule aliyekata? Na likimuuma usiku wa manane mnakwenda wapi? Hilo la mwisho ndilo watu hawaulizi.

Ngamiani Original
Bibi yangu alitumia asali na akafa anaona.

Kisosora_Boy
Bibi yako huenda hakuwa na mtoto wa jicho, mkuu. Mleta mada yuko wapi?

Abuu_21
Naunga mkono swali la mwisho la Sista, nalo tumelilipia. Baba yangu mdogo alipasuliwa kliniki moja binafsi. Siitaji, wala msidhani lazima iwe hapa mjini. Bei waliyotupa mezani ilikuwa nzuri. Siku yenyewe tukaambiwa hiyo ni ya lenzi ya kawaida, ile "nzuri" inaongezwa hela. Vipimo mbali, matone mbali. Tukalipa, mgonjwa ameshavalishwa gauni utafanyaje.

Mpasuaji alikuwa mgeni, wa kuja na kuondoka. Akakata foleni nzima, jioni akapanda gari lake. Asubuhi mhudumu akafungua bandeji, akamulika tochi, "safi, nendeni." Baada ya siku chache likaanza kuuma, jekundu, nuru iliyokuja ikaanza kurudi nyuma. Tukapiga simu, jibu ni "endeleeni na matone, njooni Jumatatu." Tukatii. Jumatatu wenyewe walishtuka, wakatuandikia rufaa mbio mbio. Kule tulikopelekwa daktari alifoka, akasema maumivu na wekundu wa namna ile baada ya upasuaji si wa kulala nao hata usiku mmoja, wadudu wameingia ndani ya jicho. Jicho halikung'olewa, lakini nuru ndiyo basi. Leo ukimpita barazani barabara ya 21 ukamsalimu kwa upande ule, anageuza kichwa kizima kukutafuta.

Bint Pangani
Subhanallah. Mpe pole sana ami.

Sahare Beach
Pole. Ila msizipake matope kliniki binafsi zote. Shangazi yangu alitibiwa binafsi, hakuna shida hata chembe, na daktari alimpigia simu mwenyewe. Serikalini nako unaweza kupangiwa tarehe, ukifika unaambiwa lenzi zimeisha.

Mzee wa Kange
Binafsi na bima ni mtihani mwingine. Machi 2024 NHIF, yaani bima ya afya ya taifa, ilipoleta kitita kipya cha huduma na bei zake, hospitali kubwa za binafsi zilisitisha kupokea kadi. Watu walibaki na kadi mkononi. Ulizeni kabla ya kusafiri.

Mwanachumbageni
Samahanini wakuu, nilikuwa darasani. Mama ana miaka 67, yote mawili ila la kulia limezidi. Kadi ya NHIF anayo, yuko kwenye kadi yangu, mimi mwalimu. Sukari anayo, anatumia vidonge.

Kisosora_Boy
Yaani sukari na bima ulizikalia tangu asubuhi!

Sista Mstaafu
Sukari inabadilisha mazungumzo. Kwanza ishuke, ikiwa juu kidonda kinachelewa na wadudu wanapenda. Pili, aangaliwe pazia la nyuma ya jicho na presha ya jicho. Sukari ikishaharibu nyuma, lenzi mpya haitarudisha kila kitu, ni vizuri mjue mapema msije mkamlaumu aliyekata. Aanzie Bombo kliniki ya macho. Wakiona panahitaji zaidi watatoa barua ya rufaa, na kwa kadi hiyo barua ndiyo itakayowaondolea maneno dirishani. Na waanze na jicho moja.

Mwanachumbageni
Shukrani mama. Tatizo jipya: mwenyewe anasema Moshi baridi, Dar makelele, anataka hospitali Teule ya Muheza kwa sababu mdogo wake yuko pale jirani. Dada kasikia, kanuna.

Sahare Beach
Muheza karibu. Pigeni simu mjue siku za daktari wa macho kwanza.

Bint Pangani
Moshi baridi ni Juni na Julai tu jamani! Amfungie kanga mbili na sweta.

Ngamiani Original
Kwa Dar, ile barabara ya Pangani hadi Bagamoyo ikiisha hamtapita tena Segera.

Mzee wa Kange
Ikiisha. Tangu lini tunaambiwa itaisha? Wewe umepita huko karibuni?

Ngamiani Original
Nimefika pale linapojengwa daraja la Pangani. Nguzo nimeziona kwa macho yangu, ya asali haya.