Risasi ya ncha laini kuvunjika begani mwa nyumbu

Mkazi wa Nyegezi: Shikamooni wakubwa. Msimu uliopita, nikiwa na kibali huko Maswa, nilimpiga nyumbu dume begani kwa risasi ya ncha laini (ile inayotanuka inapogonga) ya gramu 9.7, naye akakimbia mbali. Tulipomchuna tukakuta vipande vimetawanyika kwenye nyama kabla ya kufika mapafuni. Kosa ni langu au la risasi?

Mstaafu wa Igoma: Marahaba, kijana. Hiyo ingemfaa swala pala. Nyumbu dume hufikia kilo 250 na mfupa wa bega lake ni mnene, kwa hiyo risasi nyepesi yenye kasi, ukipiga kwa karibu, hutanuka mapema mno ikavunjika. Wawindaji wa elki, mnyama mkubwa mwenye pembe, huko Marekani wanalijua tatizo hilo. Wengi huchagua ya gramu 11.7, au ya shaba tupu, ambayo hufunguka kama ua na kubaki na karibu uzito wake wote. Ulikuwa umbali gani?

Mchinjaji wa Kirumba: Nyama iliyozunguka jeraha itupwe, kwa kuwa chembe za madini ya risasi huwa ndogo kiasi cha kutoonekana.

Mkazi wa Nyegezi: Hatua 40 tu, mzee.