Kompyuta inawaka, feni inazunguka, lakini haifunguki: tupeane uzoefu

Fundi wa Kondele, Kisumu

Hamjambo wadau. Juzi mteja ameniletea kompyuta ya mezani ambayo kwingine aliambiwa ubao mama (ule ubao mkuu wa ndani unaobeba vifaa vyote) umekufa, anunue mashine nyingine. Taa inawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi. Nilitoa kadi ya picha iliyoongezwa zamani, nikachomeka waya wa skrini kwenye ubao wenyewe, mashine ikapanda, yaani ikafunguka. Kadi ndiyo iliyokufa. Mtu alikuwa karibu kutupa kompyuta nzima.

Jambo hili linaniuma kwa sababu nyingi za mashine zetu huku ni mitumba kutoka ng'ambo, zimenunuliwa kwa jasho, na bado zina miaka mbele yake. Feni kuzunguka kunaonyesha tu kwamba volti 12 zimeifikia feni. Hakusemi lolote kuhusu prosesa (ubongo wa mashine) wala RAM (kumbukumbu yake ya kazi).

Kabla sijashika bisibisi namuuliza mteja: inakwama wapi? Kabla nembo ya kampuni haijatokea kwenye skrini, au baada? Kama hakuna picha kabisa, kuweka Windows upya ni kula pesa ya mtu bure. Hapo navua diski, flashi, kadi na kila kitu cha ziada, nabakisha prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM na pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine), kisha narudisha kimoja kimoja. Kama nembo inatokea halafu inagoma, ubao kwa kawaida uko hai. Tafuta upande wa diski na mipangilio ya BIOS, ile programu ya kwenye ubao inayoanzisha mashine.

Leteni zenu. Semeni dalili ilikuwa gani, mlipima nini, ikaishia wapi.

Mwenye Saiba, Section 58 Nakuru

Yangu ni ya Juni. Wenye saiba wanajua siku zile tarehe 30 ikikaribia, kila mtu anataka ritani za kodi za KRA na foleni imefika barabarani. Asubuhi moja mashine ya kona, HP Compaq Elite 8300, inawaka na kuanza kulia. Taa ya kitufe inamweka nyekundu mara 5 pamoja na milio 5, inatulia kidogo, inarudia.

Watu wengi wakisikia mlio huo wanazima haraka kama wamechokoza kitu. Mlio ndio msaada wenyewe! Kwenye HP za aina hiyo, 5 ni RAM, 6 ni upande wa picha, 4 ni umeme, 2 ni prosesa kupata joto kupita kiasi. Kampuni nyingine zina hesabu zake, kwa hiyo tafuta ya mashine yako.

Nilichomoa waya ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwasha kumaliza chaji iliyobaki ndani, nikafungua. Vumbi la Januari na Februari bado lilikuwa limejaa humo. Nikatoa vipande viwili vya RAM, nikasugua yale meno ya rangi ya dhahabu kwa raba nyeupe ya penseli, nikapangusa mabaki kwa brashi kavu. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Ukirudisha, sukuma mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe kwa kulia.

Bado ikalia. Nikaacha kipande kimoja na kukihamisha tundu kwa tundu. Kikiwa tundu la kwanza, mashine inapanda. Kikiwa la pili, milio 5. Nikajaribu kipande cha pili, mambo yakawa yaleyale. Kwa hiyo vipande vyote ni vizima, ugonjwa uko kwenye tundu. Nilipolimulika kwa tochi ya simu nikaona unyuzi wa vumbi gumu umekaa kati ya pini. Brashi ikautoa, na mashine ikahudumia watu mpaka usiku.

Mwalimu wa Kompyuta, Bungoma

Hongera dada wa Nakuru, hiyo ya kuhamisha tundu kwa tundu nitawaonyesha wanafunzi.

Shuleni kwetu tulifungua muhula tukakuta mashine kadhaa za maabara zimegoma kwa pamoja. Kila mtu akasema ni radi, maana likizoni ilinyesha sana. Lakini nembo ilikuwa inatokea, kisha maandishi kwamba tarehe na saa hazijawekwa, ubonyeze F1. Ukibonyeza, nyingine zinaingia Windows, nyingine zinatoa skrini ya buluu na kujizima na kujiwasha bila kukoma. Radi haichagui kufuta tarehe tu.

Ilikuwa ile betri ya duara kama sarafu, CR2032. Mpya hutoa volti 3. Nilipozitoa na kuzipima kwa mita, nyingi zilikuwa zimeshuka hadi 2 na kitu. Wakati wa muhula hazisumbui kwa sababu mashine imechomekwa ukutani na stima inashikilia kumbukumbu ya tarehe na mipangilio ya BIOS. Likizo swichi kuu ikizimwa, betri inabaki peke yake, inaishiwa, na BIOS inarudi ilivyotoka kiwandani. Mpangilio wa diski ukabadilika kutoka AHCI (namna mojawapo ya mashine kuwasiliana na diski), na Windows iliyowekwa chini ya AHCI ikashindwa kuisoma diski yake.

Nilichukua mashine isiyo na tatizo ya aina ileile, nikapiga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu, nikalinganisha. Betri mpya, mpangilio wa AHCI ukarudishwa, Windows ikapanda bila kupoteza faili hata moja. Na humo ndani kulikuwa na miradi ya watahiniwa wa KCSE! Kama mtu angekimbilia kufomati, sijui tungewaambia nini watoto wale.

Mfanyabiashara, Busia

Yangu fupi. Nembo inatokea, kisha maandishi kwamba hakuna kifaa cha kuanzishia. Mteja alikuwa ameacha flashi nyuma ya mashine, nayo ikawa inajaribu kuanzia humo. Ikatolewa, ikapanda. Angalieni nyuma pia, si mbele tu.

Mama Fotokopi, Kakamega

Jamani, radi ya Kakamega mnaijua. Baada ya mvua kubwa kompyuta yangu ya kuchapishia ilikuwa inawaka, feni inazunguka, lakini hakuna nembo, hakuna mlio, kimya. Fundi akasema ubao umeungua. Bei aliyonitajia ilikuwa karibu na ya kompyuta nyingine.

Mtoto wa dada yangu akaja na pawa saplai ya kompyuta yake. Hakuing'oa ya zamani, alichomoa plagi zake tu. Aliiweka yake mezani kando, akachomeka plagi kubwa ya pini 24 kwenye ubao na ile ndogo ya pini 4 karibu na prosesa. Mashine ikapanda hapo hapo. Ya zamani, ukichungulia kwenye matundu yake, kuna kapasita (kile kijisilinda kinachotunza chaji) imevimba kichwa na kutoa uchafu wa kahawia. Feni ilikuwa inapata umeme, prosesa haipati wa kutosha.

Sasa stima ikianza kucheza nachomoa waya ukutani. Kuzima swichi tu hakutoshi.

Fundi wa Kondele, Kisumu

Pole sana mama, na kijana wako ana akili. Njia hiyo ya kuazima pawa saplai nzima ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Ile ya kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi inaonyesha tu kwamba pawa saplai inaamka. Inaweza kuamka na bado ikashindwa kubeba mzigo. Ukiwa na mita, pima waya wa njano mashine ikiwa kazini: inatakiwa kati ya volti 11.4 na 12.6.

Lakini msiifungue yenyewe. Kapasita za ndani hubaki na chaji hatari hata baada ya kuchomolewa.

Mwanafunzi, Maseno

Mimi ilikuwa diski. Nembo inatokea, duara za Windows zinazunguka bila mwisho, na ukitega sikio unasikia tik, tik, tik. Ndani kulikuwa na tasnifu ya rafiki yangu. Tulizima mara moja. Kila ukiwasha diski inayogonga unaimaliza zaidi. Tukaiunganisha kwenye mashine nyingine kama diski ya pili, tukanakili tasnifu kwanza kabla ya picha na muziki. Baada ya hapo haikusomeka tena.

Fundi wa simu na kompyuta, Njoro

Mashine ikiwaka na kufa baada ya sekunde kama 4, kila mara muda uleule, kagueni kitufe cha kuwasha. Kikinasa ndani, ubao unadhani umekishikilia, unazima. Chomoa waya wake kwenye ubao, gusanisha zile pini mbili kwa bisibisi mara moja. Ikikaa, kitufe ndicho.

Mama Fotokopi, Kakamega

Fundi wa Kondele, nina Dell OptiPlex 3020 nayo imeanza dalili zilezile. Naweza kuinunulia pawa saplai kama ile ya kwanza?

Fundi wa Kondele, Kisumu

Hapana mama, ngoja kwanza. 3020 haina plagi ya pini 24, ubao wake una pini 8, ya kawaida haiingii bila waya wa kuunganishia. Piga picha ya plagi na ya karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai, uende nazo dukani. Kama utakuja Kisumu siku hizi, ilete, ninayo ya aina hiyo, tuijaribu kabla hujatoa pesa.