Naomba ushauri: kope za juu zimebonyea, nipandikize mafuta?

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nina miaka 41. Miaka 6 iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kope za juu, na naamini mafuta yaliondolewa kupita kiasi, maana tangu hapo kuna shimo kati ya nyusi na jicho. Kila mtu ananiuliza kama naumwa au sijalala. Nalala vizuri tu!

Daktari mwingine kanishauri kupandikiza mafuta: anayavuta tumboni au pajani, anayasafisha, kisha anayaweka kidogo kidogo chini ya nyusi kwa mrija mwembamba wenye ncha butu. Amekiri kwamba sehemu yake hunyonywa na mwili, hivyo huenda nikarudia. Hilo sina shida nalo. Kinachonitisha ni kwamba ngozi ya kope ni nyembamba mno. Yakijikusanya, vinundu vitaonekana na kuvitoa si kazi ndogo. Tena yakiingia kwenye mshipa wa damu yanaweza kuleta upofu. Ni nadra, najua, lakini jicho halina spea.

Filla ya asidi ya hailuroniki (jeli inayodungwa kwa sindano kujaza shimo) angalau huyeyushwa kwa sindano ikikosewa, ingawa hatari ya mshipa iko palepale. Nianze nayo kwanza?

Waliopandikizwa mafuta ya kope, uvimbe uliisha baada ya muda gani? Mlirudia mara ngapi? Na mliokataa, mlikataa kwa nini? Wa kunicheka nao karibuni, ila mniachie na jibu.