Banki zinaongezeka, mbona mushahara ya batu wa mikono iko palepale?

Bandugu jambo. Hapa Lubumbashi, Kongo, banki ziko mingi, lakini kwa atelie moja ya komini ya Katuba nilikuwa natumika, patron alipata mukopo akanunua mashini ya kukata chuma, mwenye anajua kuiendesha akaongezewa mushahara, siye wa musumeno tulikuwa saba tukabaki watatu. Mukopo si ungeinua wote?

>> Kaka, inategemea mukopo umeingia wapi. Ukinunua mashini unatafuta mwenye masomo, wa mikono bei yake inashuka. Na tangu 2011 Serikali ilipoanza kulipa watumishi wake kupitia banki, nani anakopa juu ya mushahara? Mwalimu, si mubeba mizigo wa Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si inchi!).

>> Mi napinga kidogo. Dada yangu anauza unga, alipokea zamu yake ya likelemba (kikundi cha kuchanga pesa na kupokea kwa zamu) akaongeza magunia, leo ana vijana wawili wa kubeba na juzi mmoja alimukatalia bei ya kubeba, dada akamupandishia. Pesa kidogo kwa wadogo inatafuta mikono, si mashini.

>> (muuliza) Sawa, lakini banki inaomba garanti (kitu cha kuweka rehani), kama parsele, ni kusema kiwanja, yenye sertifika ya kuonyesha ni yako. Mi niko na musumeno tu 😅