Naomba ushauri: Muscat na mama, ndugu wengi, siku chache

Shikamooni wakubwa. Desemba nampeleka mama Muscat, Oman, kwa dada yake, hawajaonana tangu enzi za simu za mezani. Shida ndugu wenyewe: wametawanyika Seeb, Ruwi hadi Nizwa, na kila nyumba inataka tule mchana. Ukikataa biriani ya mama mdogo, imeshakuwa kesi! Nami nataka mama auone msikiti mkuu wa Sultan Qaboos, jioni apunge upepo Mutrah, anunue ubani sokoni. Magoti yake ngazi hayawezi.

Nizwa ni kama kilomita 160. Twende Alhamisi tulale, Ijumaa asubuhi tuwahi mnada wa mbuzi, au tuwaombe wao waje? Na kuwakusanya wote siku moja, ufukweni Qurum panafaa au tukodi ukumbi? Mlioko huko nisaidieni.